Masika ya Kijiti

Machi 16

Daktari Nassibu wa kliniki ya kifafa ameniambia niwe naandika. Kila Muzdalifa akianguka niandike siku, alikuwa anafanya nini, alikula, alilala, alikunywa dawa. Siku zote nilikuwa namjibu kwa kukisia, naye akawa anatikisa kichwa. Basi nimeanza leo, ila sina cha kuandika, maana mtoto hajaanguka tangu mwaka uingie, alhamdulillahi, na wala hayupo hapa. Yuko Kibiti kwa shangazi yake Habiba, anasoma kidato cha tatu. Mimi niko bondeni na mpunga wangu. Baba yake, Gharibu, yuko delta, ananunua kaa kwa wavuvi na kuwapeleka kwa boti mpaka Nyamisati. Hurudi nyumbani anapoweza.

Kwa hiyo nitaandika habari za mvua na za nguruwe. Nguruwe wameingia kwa jirani. Kwangu bado.

Machi 19

Mvua tangu alfajiri. Dungu, kibanda changu cha kulindia mpunga, linavuja, nimelala nimekaa. Nimefuturu mihogo baridi.

Machi 22

Ndege. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka, na swaumu juu yake.

Machi 27

Muzdalifa amekuja, shule wamefunga. Amerefuka, ananipita sasa. Anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka, nikasema moyoni Ramadhani hii imemkalia vizuri mwanangu, amejua stara. Nimemkumbusha asifunge. Daktari kasema dawa zake ni asubuhi na jioni, na Mungu hamdai mgonjwa. Akasema, "Sawa mama."

Machi 29

Ameanguka leo. Hilo ndilo nililoambiwa niandike, naliandika kwanza.

Tulikuwa tunapita kwenye njia ya katikati ya majaruba, yeye mbele na mimi nyuma nimebeba jembe. Nikaona kichwa kinageuka upande wa kushoto taratibu, kama mtu aliyeitwa. Nikajua. Nilitupa jembe nikakimbia, lakini alishaanguka, na alianguka uso ndani ya maji. Maji yenyewe ya magotini. Nilimvuta kwa nguo, nikamlaza ubavu juu ya tope kama daktari alivyotufundisha, nikakishika kichwa nikawa naita "Ya Rabbi, Ya Rabbi" mpaka mwili ukatulia.

Kumbe alikuwa amefunga. Alikuwa anaona haya wasichana wenzake wa hapa bondeni wamwone anakula mchana. Na kidonge cha asubuhi hakukimeza, jana wala leo.

Haya, kama yangeishia hapo, ningekuwa nimelala sasa hivi. Nilimkokota mpaka chini ya dungu, nikaanza kumfuta tope. Nikapandisha mkono wa gauni, nikawa namsugua kwa kitambaa, bado hajajitambua. Vidole vyangu vikapita juu ya kitu. Kiko upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Chembamba, kigumu, kimelala chini ya ngozi kama njiti ya kiberiti. Nikadhani ni mwiba. Nikabonyeza. Kikasogea kidogo kikarudi.

Ninakijua kile kitu. Jirani yangu Kudra anacho, alitushikisha sote kisimani siku aliyowekewa, tukacheka mpaka tukamwaga maji.

Kijiti. Kijiti cha kuzuia mimba, kwenye mkono wa mwanangu wa kidato cha tatu.

Nilibaki nimeushika ule mkono sijui niuweke wapi. Akafumbua macho, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kilevi ya baada ya kuanguka, "Mama, nimeanguka?" Nikasema, "Umeanguka." Nikaushusha mkono wa gauni nikaufunika. Nimeswali Adhuhuri sijui nimesoma nini.

Machi 30

Nimemuuliza. Nilisubiri mpaka amekunywa uji, amemeza dawa, akili imemrudia. Nikamshika pale pale mkononi.

"Hiki ni nini?"

Alikuwa mwekundu wa uso, kisha akawa kama majivu.

"Muzda, ni kijana wa nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hakuna mtu! Mtu anajiwekea kijiti kwa ajili ya kufukuza ndege?"

"Wallahi hakuna mtu."

Nikampiga kofi. Sijampiga tangu alipoanza kuumwa, kila mara nilikuwa naogopa nisimwangushe. Leo mkono ulikwenda wenyewe. Hakulia. Alikaa ananitazama, shavu linavimba.

"Nani alikupeleka?"

"Niliapishwa nisiseme."

"Nakuuliza mimi mama yako."

"Basi nipige tena," akasema. "Sitasema."

Sijawahi kujibiwa hivi na mtoto huyu. Mtoto ambaye ukimwambia kaa anakaa, ukimwambia njoo anakuja. Namtazama anavyosuka ukili wa mkeka pale mlangoni, nasema huyu nimemzaa mimi, au kule Kibiti wamenibadilishia.

Machi 31

Idd. Gharibu kapiga simu, bahari imechafuka, hakupata njia ya kutoka. Sauti yake nzuri kabisa. "Mpe mwanangu simu nimpe Idd yake." Nikampa. Wakacheka. Nilisimama pale na ubwabwa wangu mkononi nikiwaza, huyu mwanamume akijua, ataniuliza mimi nilikuwa wapi. Ndugu zake watasema mama ndiye anayejua ya binti. Nitarudishwa kwetu na uzee huu.

Sikumwambia.

Aprili 2

Nimekwenda Kibiti kwa bodaboda, matope mpaka kwenye meno. Habiba alikuwa anachambua mchele uani. Kuniona tu akasimama, mchele ukamwagika. Hapo nikajua sina haja ya kuuliza.

"Wifi, ni wewe?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Ni wewe uliyempeleka mwanangu?"

"Ni mimi." Akajifunga khanga vizuri, akanikazia macho. "Mwaka jana, baada ya mitihani. Walikuja watu na gari, wanaweka bure. Nikampeleka."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yuko kwangu. Nalala naye chumba kimoja. Wewe unaiona hii barabara? Unawaona vijana wanaosimama pale kona? Mwaka huu peke yake kwenye darasa lake wamepungua wasichana, unajua wamekwenda wapi?"

"Kwa hiyo alikuwa na mtu."

"Hakuwa na mtu. Ndio maana nikampeleka mapema."

Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia yeye hakuzaa, anajifunzia kwa mwanangu. Hilo neno nilipolitoa niliona limemwingia, nikafurahi limemwingia. Akanywea. Kisha akasema, kama anayejitetea, kwamba alifanya kila kitu kwa heshima, hata wale wauguzi walipouliza binti ana maradhi gani, anakunywa dawa gani, yeye alimsitiri.

"Ulimsitiri vipi?"

"Nilisema mzima, hanywi chochote. Ulitaka niseme mbele ya kina mama wa Kibiti wote kwamba mtoto wetu ana kifafa? Nani ataoa hapa?"

Nikamwacha na mchele wake chini.

Aprili 6

Mvua. Muzdalifa amerudi Kibiti, shule zinafungua. Hatukuagana vizuri.

Aprili 10

Siku ya dawa. Nilimpitia shuleni, tukaenda kliniki hatusemi. Nilimsomea Daktari Nassibu niliyoandika, siku aliyoanguka, funga, kidonge alichoacha. Akanisifu. Akamgeukia Muzdalifa taratibu, akamwambia dawa yake haina likizo. Tulipokuwa tunanyanyuka, sijui nini kilinituma, nikasema, "Daktari, mwanangu ana kijiti."

Akaweka kalamu chini.

"Aliwekewa lini?"

Muzdalifa akajibu mwenyewe. Daktari akauliza, waliokuwekea uliwaambia unakunywa dawa hizi? Muzdalifa akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu. "Shangazi alisema sinywi."

Nimejaribu kuyaandika aliyosema kama alivyoyasema. Vidonge anavyomeza vinaliamsha ini lifanye kazi kupita kiasi. Ini linaichoma ile dawa inayotoka kwenye kijiti kabla haijafanya kazi yake. "Kipo mkononi, mama, lakini usikitegemee. Ni kama mlango uliofungwa bila komeo. Na vidonge vya uzazi wa mpango navyo hivyo hivyo, kwake havifai."

Mimi niliyekuja nikiwa na hasira kwamba kipo, nikajikuta nimekasirika kwamba hakifanyi kazi! Nilicheka, cheko baya, daktari akadhani nalia.

Akatupeleka chumba cha uzazi wa mpango. Muuguzi mmoja mwenye miwani akampima mkojo kwanza. Kusubiri kile kipimo, sitaki hata kukumbuka. Hana mimba. Kisha akatupangia mezani: kuna sindano ya kila miezi mitatu, hiyo haigombani na dawa za kifafa, ila siku zake zinaweza kuvurugika, na inataka ale vizuri, maziwa, dagaa, kwa ajili ya mifupa. Kuna kitanzi cha shaba, hicho hakina dawa ndani yake kabisa, kinakaa miaka, ila damu inaweza kuwa nyingi. Kuna kondomu, na hiyo ndiyo pekee inayokinga na maradhi. Na kuna kungoja, nako ni njia. Kile kijiti kitolewe.

Nikasema, "Mchome sindano. Leo hii."

Muuguzi hakunitazama hata kidogo. Alimwuliza Muzdalifa, "Wewe unasemaje?"

"Nataka kufikiri."

"Ufikiri nini!" nikasema. Akarudia, "Nataka kufikiri." Muuguzi akasema hakuna ubaya, atarudi. Tukatoka kama tulivyoingia, na kijiti chetu kisichofanya kazi.

Aprili 14

Maji yameingia bondeni. Nusu ya mpunga wangu siuoni.

Aprili 15

Maji bado.

Aprili 19

Maji yanashuka, mpunga umelala lakini haujafa. Tulikuwa tunausimamisha mimi na Kudra na wengine, nikaona niulize kijanja, kama nauliza kwa ajili yangu, ipi njia nzuri.

Ningejua nisingeuliza. Mmoja akasema sindano inakausha kizazi, shemeji yake hakuzaa tena. Mwingine akasema shemeji yako alishazaa saba, azae tena anataka nini. Mwingine akaapa kwamba kitanzi kinatembea, kimekutwa kwenye moyo wa mtu huko Mbwara. Kudra akasema yeye na kijiti chake raha mustarehe, akapandisha mkono tena tukishike. Kisha wakanigeukia mimi. "Mwenzetu, umri huo na mume yuko delta, unaogopa mimba ya nani?" Wakacheka mpaka ndege wakaruka.

Nilicheka nao. Kisha nikainamia mpunga.

Aprili 27

Gharibu amerudi jana. Leo nimemwambia. Nitayaandika yote maana bado sijayaamini.

Nilimpikia, akala, akanawa. Alikuwa anashona wavu wa kufungia kaa hapo barazani, mvua imepumzika. Nilikuwa nimeshapanga nguo zangu kwenye begi, nimeliweka nyuma ya mlango, ili akinifukuza nisiaibike kuzitafuta.

"Baba Muzda, nina neno."

"Sema."

"Muzdalifa ana kijiti cha kuzuia mimba mkononi."

Hakunyanyua kichwa. Alipitisha uzi, akaukaza. Kisha akasema, "Najua."

Nilidhani sikusikia. "Unajua nini?"

"Najua. Mimi ndiye niliyemtuma Habiba."

Niliketi. Huyu ndiye mwanamume ambaye binti yake akivaa khanga moja kwenda kisimani anakohoa. Huyu ndiye niliyekuwa namwogopa mwezi mzima nisilale.

"Wewe?"

Akauweka wavu chini. Na akaanza kusimulia, bila kunitazama, anautazama mchirizi wa maji unavyotoka kwenye paa.

"Mwaka jana, wakati wa kipupwe, nilikuwa kule visiwani napakia kaa. Watu wakanijia wanakimbia, wana msichana ana uchungu wa kuzaa, wanaomba boti. Nikamwaga kaa, nikampakia. Mama Muzda, alikuwa wa umri wa Muzda. Mama yake amempakata kichwa. Tumekwenda, tumekwenda, tulipofika kwenye kijito cha kati maji yakapwa. Boti ikakaa kwenye tope. Huku mikoko, huku mikoko, hakuna pa kukanyaga. Tukawa tunangoja maji.

"Hapo ndipo alipoanza. Alianza kama anavyoanza mwanetu. Macho yale yale. Meno yale yale. Wenzangu kwenye boti wote wanapiga kelele, mimi peke yangu ndiye najua la kufanya. Nikamlaza ubavu. Nikamshika kichwa. Nikawaambia msimtie kitu mdomoni. Nikasema moyoni, itapita, itapita. Ikapita. Kisha ikaanza tena. Na tena. Mama yake akaniuliza, 'Baba, ni nini hiki?' Nikamwambia kifafa, mimi nakijua. Maji yalipojaa tukamfikisha gatini. Mkunga akaja akamfunua macho, akasema kwa sauti, hiki ni kifafa cha mimba. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Wakamtia kwenye gari amelegea kama nguo iliyoloa. Mtu akasema, kashakata roho huyu. Nikageuza boti."

Akauokota wavu, akauweka tena.

"Mimba ilimletea kifafa mtoto ambaye hakuwahi kuanguka," akasema. "Sasa wa kwangu anacho tayari. Akishika mimba itakuwaje? Nikamwambia Habiba, fanya ufanyavyo, mama yake asijue."

"Kwa nini nisijue?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimemtuma dada yangu akamwekee binti yangu kijiti? Nilikuwa naona haya mbele yako." Akapangusa uso kwa kikoi. "Nilijua ungesema mume gani huyu."

Na mimi nguo zangu ziko nyuma ya mlango.

Kisha nikalazimika kumwambia yaliyobaki. Kwamba Habiba aliona haya kuutaja ugonjwa. Kwamba dawa za kifafa zinakiua kile kijiti. Kwamba muda wote huo alipokuwa anatembea delta moyo umetulia, mtoto hakuwa na kinga yoyote. Nilimwona anavyoyapokea. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Habiba alisema hanywi dawa?" Alirudia hivyo hivyo mpaka nikamshika mkono.

Mei 4

Tuko Kibiti kwa Habiba, wote. Tulikaa sebuleni kama kikao cha posa. Gharibu akamfokea dada yake. Habiba akalia, akasema alitumwa kazi ya siri akaifanya kwa siri, sasa inakuwaje kosa lake. Mimi nikadakia kwamba mimi mama mtu nimefichwa. Gharibu akasema sasa basi, kesho achomwe sindano. Habiba akasema bora kitanzi, sindano mtoto atasahau. Mimi nikasema sindano.

Muzdalifa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Mmekaa kikao juu ya mkono wangu," akasema.

Sote tukageuka.

"Baba ameamua. Shangazi amenipeleka, akaniapisha. Mama amenipiga. Kuna hata mmoja aliyeniuliza? Niliambiwa nyoosha mkono, nikanyoosha. Nilidhani ni chanjo. Mpaka yule dada ananifunga bendeji ndipo aliponiambia ni ya mimba."

Subhanallah. Nilimtazama Habiba, Habiba akatazama ukuta. Hilo Gharibu naye hakulijua.

"Muzda," baba yake akasema, sauti imepungua kabisa, "mimi nilikuwa naogopa usife."

"Nife na nini?"

Basi akamsimulia. Yote, boti, tope, yule msichana. Muzdalifa alisikiliza amejishika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Baba yake alipomaliza, yeye akasema tu, "Kesho nitakwenda mimi. Mkitaka mnifuate, mtakaa nje."

Mei 5

Tulimfuata. Yule muuguzi wa miwani akatuingiza sote kwanza, Gharibu akamuuliza swali lake amesimama, kofia mkononi: mtoto mwenye kifafa akishika mimba, atakufa kama yule?

Muuguzi akamwambia akae. Akamweleza kwamba kifafa cha mimba kinatokana na presha inayopanda mtu akiwa mjamzito, kinaweza kumpata hata mwanamke ambaye hajawahi kuanguka maishani, na kikipita kimepita. Cha Muzdalifa ni maradhi mengine, yako kichwani, ana dawa zake. "Jina tu ndilo limewachanganya, baba." Wanawake wenye kifafa wanazaa. Wanachotakiwa ni kujipanga na daktari mapema, dawa zitazamwe kabla ya mimba, si baada.

"Kwa hiyo mwanangu anaweza kuzaa?"

"Akitaka. Wakati wake ukifika."

Gharibu akaizungusha kofia yake. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hii, sijawahi kumwona hana pa kuweka mikono.

Kisha muuguzi akasema, "Sasa wazazi, nje." Tukakaa kwenye benchi ukumbini, mimi na yeye, kama watoto waliotolewa darasani. Muzdalifa alikaa muda mrefu mle ndani. Gharibu akawa ananong'ona, "Atachagua nini?" Nikamwambia sijui. Na kweli nilikuwa sijui, na hilo la kutojua ndilo lililonishangaza, maana hata njaa ya mtoto huyu nilikuwa naijua kabla yake.

Akatoka na bendeji mkononi.

"Kijiti kimetoka. Nimechoma sindano. Kitanzi sikukitaka, siku zangu zinaniuma vya kutosha. Nimepewa tarehe, nitakuja mwenyewe."

Nilishindwa kujizuia. "Muzda, kwani una mtu?"

"Sina, mama. Lakini siku nikiwa naye sitaki nianze kukimbizana na hospitali." Alisema hivyo mbele ya baba yake, wazi, macho makavu. Nilihisi masikio yanawaka. Nilitegemea Gharibu akohoe. Hakukohoa.

Tulipofika nje Muzdalifa akamgeukia. "Baba, yule msichana wa kwenye boti aliitwa nani?"

"Sijui."

"Alizikwa wapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Hukuuliza?"

Gharibu akasema hakuuliza. Tangu siku ile hajapita tena kwenye kijito kile, anazunguka mbali. Muzdalifa akamtazama kidogo, akaenda zake shule.

Mei 13

Mpunga unakomaa. Ndege wengi kuliko watu.

Mei 18

Nimeanza kuvuna. Mgongo.

Mei 23

Habiba amekuja bondeni bila kuitwa, kavaa viatu vya mjini. Akachukua kisu akaanza kuvuna upande wa pili, hatusemi. Tulipokuwa tunakula akasema, "Wifi, lile neno lako la kwamba sikuzaa." Nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Si hilo. Nataka kukuambia nimekwenda kliniki na Muzda, nimewaambia mimi ni shangazi yake na ana kifafa. Mbele za watu. Nilidhani nitaanguka mimi."

Nikamwongezea mchuzi. Anavuna vibaya, anaacha nusu ya masuke, lakini amekaa mpaka jua limetua.

Mei 30

Shule zimefungwa, Muzda yuko hapa. Anameza dawa zake mbele ya wasichana wote. Siku zake zimevurugika kama alivyoambiwa. Ananiambia bila kuulizwa, mimi nasikiliza na kuona haya peke yangu.

Juni 5

Kesho Idd kubwa. Gharibu amefika mchana na kaa wengi, akaketi chini pale pale uani tulipokuwa tunapepeta mchele mimi na Muzda. Hakuvua hata buti. Nikajua kuna jambo.

"Nilipita kwenye kile kijito," akasema. "Nikaenda mpaka kisiwani kwao. Nikamuuliza mzee mmoja, kaburi la yule binti aliyefia gatini mwaka jana liko wapi, nataka nikamsomee. Mzee akasema, binti gani aliyekufa? Nikamweleza. Akaniambia, yule? Yule yuko pale anaanika kamba wake."

Nilishika ungo usidondoke.

"Yuko hai, mama Muzda. Anaitwa Mashavu. Mtoto ndiye aliyekufa. Yeye alikaa hospitali wiki nyingi, akarudi. Nilikwenda nikasimama mbele yake. Hanijui, atanijuaje, nilimwona hajitambui. Mama yake ndiye aliyenikumbuka, akapiga yowe. Yule binti akanitazama, akaniuliza, 'Wewe ndiye wa boti?' Nikasema ndimi. Akasema, 'Mama anasema ulinishika kichwa.'"

Mume wangu alilia mchana kweupe, mkweche wa buti miguuni, kaa wanatambaa ndani ya gunia. Na mimi niliyakumbuka yote, siri, kofi, begi langu nyuma ya mlango, yote yametoka kwa maiti ambayo haikuwako. Sikujua nicheke au nipige yowe kama yule mama.

Alipotulia akajipangusa, akamgeukia Muzdalifa. Aliuliza kwa woga, kama anayebisha hodi nyumba ya watu. "Sasa, mwanangu, kwa kuwa yule hakufa... ile sindano utaendelea nayo?"

Muzdalifa alikuwa amesikiliza yote na machozi yanamchuruzika. Aliyafuta kwa bega.

"Nashukuru Mungu yu hai, baba. Nitataka unipeleke nikamwone. Lakini ile sindano sikuchoma kwa ajili yake." Akachukua ungo mikononi mwangu. "Wala kwa ajili yenu."

Gharibu akanitazama mimi, anataka nimsaidie. Tulikaa wote wawili kama watu waliomwagiwa maji, na Muzda akaendelea kupepeta.